R: mm za mvua zinageuka namba za ajabu, miezi inaanzia Agosti, mistari inasimama wima

Kipimamvua

Wakuu, naombeni msaada. Nina faili la CSV la mvua ya kila siku, vituo vitatu, 2022 na 2023. Safu ni nne: kituo, tarehe (imeandikwa 03/04/2023, yaani siku, mwezi, mwaka), mwezi (jina la Kiswahili) na mm. Ninachotaka ni grafu ya jumla ya mvua kwa mwezi, kila kituo na mstari wake. Natumia R (lugha ya programu ya takwimu) na ggplot2, kifurushi chake cha kuchora grafu. Msimbo ni huu:

```
library(ggplot2)
mvua <- read.csv("mvua.csv", stringsAsFactors = TRUE)
mvua$mm <- as.numeric(mvua$mm)
mvua$tarehe <- as.Date(mvua$tarehe)
ggplot(mvua, aes(mwezi, mm)) + geom_line()
```

Hakuna kosa wala onyo linalotokea, lakini siku iliyonyesha mm 108 inasomeka namba nyingine kabisa, miezi inaanza na Agosti ikifuatiwa na Aprili, na kila mwezi unachorewa kijistari kimoja kilichosimama wima. Nianzie wapi?

Jedwali

Anzia kwenye mm, kwa sababu grafu yoyote utakayochora kabla ya kuirekebisha itakuwa ya uongo.

Safu yako si ya namba. Ndani yake kuna walau seli moja yenye maandishi, na seli moja inatosha kuifanya R iichukue safu nzima kuwa maandishi. Kwa kuwa umeweka stringsAsFactors = TRUE, maandishi hayo yamekuwa fakta (factor, aina ya safu ya makundi). Fakta huhifadhi orodha ya ngazi zake, zikiwa zimepangwa kialfabeti, kisha kila rekodi hupewa namba ya nafasi ya ngazi yake. Ukiita as.numeric moja kwa moja unapewa nafasi hizo, si vipimo:

```
x <- factor(c("12.5", "3", "0", "108"))
levels(x)       # "0" "108" "12.5" "3"
as.numeric(x)   # 3 4 1 2
```

Kwenye mfano huu 108 ni ya pili kwenye orodha, ndiyo maana inatoka 2; kwako pia unachoona ni nafasi, si kipimo. R haitoi onyo kwa sababu kwake hilo si kosa. Tangu toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, read.csv haigeuzi maandishi kuwa fakta usipoiagiza, kwa hiyo ondoa agizo hilo. Kisha, kabla ya kugeuza chochote, tafuta seli zinazoleta shida:

```
mvua <- read.csv("mvua.csv")
namba <- suppressWarnings(as.numeric(mvua$mm))
unique(mvua$mm[is.na(namba) & !is.na(mvua$mm)])
```

Mstari wa mwisho utakuonyesha kila kitu kilichokataa kuwa namba. Usiuruke. Kwenye data ya mvua, wahusika wa kawaida ni "1,204.5" (mkato wa maelfu), "12,5" (mkato badala ya nukta), "-" na "tr", yaani mvua iliyodondoka kidogo mno kupimika. Kila mmoja ana dawa yake. Mkato wa maelfu unaondolewa kwa gsub(",", "", mvua$mm), lakini ukifanya hivyo kwenye "12,5" umepata 125, mara kumi ya kipimo halisi. Faili linalotumia mkato kwa desimali na nukta-mkato kati ya safu lisomwe kwa read.csv2 tangu mwanzo.

Hiyo "-" muulize aliyejaza kitabu. Kama maana yake ni "haikunyesha", iwe 0. Kama ni "haikupimwa", iwe NA, alama ya R ya thamani isiyopo. Ukiweka 0 kila mahali, mwezi ambao kipimo kilikuwa kibovu utaonekana mwezi wa ukame.

Kipimamvua

Asante sana, mkuu. Imeniletea "-", "tr" na "12.5 ". Hiyo ya tatu inaonekana namba kabisa, imekataliwa kwa nini?

Jedwali

Nafasi tupu iliyo mwishoni si ile ya kawaida. Nafasi ya kawaida as.numeric huivumilia. Hiyo yako huenda ni nafasi isiyokatika (non-breaking space), ambayo hupenya data inaponakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti au lahajedwali. Hata trimws haiondoi kwa mpangilio wake wa kawaida. Tumia gsub("\u00a0", "", mvua$mm), halafu rudia ule mstari wa unique mpaka zibaki zile tu ulizokwisha kuziamulia.

Ukishapata namba, piga summary(mvua$mm) uangalie ya chini kabisa na ya juu kabisa. Vituo vingi huandika -99.9 au 9999 pale kipimo kinapokosekana, na hizo zinapita kama namba halali. Mvua haiwi chini ya sifuri, hivyo mvua$mm[mvua$mm < 0] <- NA haina hatari.

Kalenda

Ndugu, kuna jambo halijaguswa hapo, nalo ni baya kuliko la mm: tarehe. Piga range(mvua$tarehe) uone. As.Date isipopewa muundo hujaribu mwaka-mwezi-siku kwanza, kisha mwaka/mwezi/siku. "03/04/2023" inaingia kwenye huo wa pili: mwaka wa 3, mwezi wa 4, siku ya 20, na tarakimu 23 za mwisho zinatupwa. Unapata 0003-04-20. Faili zima litakuwa na miaka kuanzia 0001 hadi 0031, na kila tarehe itakuwa ya 20. Rekodi za 2022 na za 2023 zinakuwa kitu kimoja. Andika muundo:

```
mvua$tarehe <- as.Date(mvua$tarehe, format = "%d/%m/%Y")
```

Y iwe kubwa. Ukiweka %y ndogo, R inasoma tarakimu mbili tu za mwaka, "20", na rekodi zako zote zinakuwa za 2020. Hapo pia hakuna onyo. Ukikuta tarehe nyingine zimekuwa namba kama 45000, hizo zimetoka Excel: as.Date(45000, origin = "1899-12-30") inakupa 2023-03-15.

Tarehe ikishakaa sawa, safu ya mwezi iliyoandikwa kwa mkono huihitaji tena. Itoe kwenye tarehe:

```
miezi <- c("Januari", "Februari", "Machi", "Aprili", "Mei", "Juni",
           "Julai", "Agosti", "Septemba", "Oktoba", "Novemba", "Desemba")
nafasi <- as.integer(format(mvua$tarehe, "%m"))
mvua$mwezi <- factor(miezi[nafasi], levels = miezi)
mvua$mwaka <- format(mvua$tarehe, "%Y")
```

Mpangilio wa mhimili unafuata levels, basi. Unaweza kuitumia safu yako ya zamani kwa factor(mvua$mwezi, levels = miezi), ila "Febuari" iliyokosewa herufi itageuka NA kimyakimya. Ukiamua njia hiyo, hakikisha kwa table(mvua$mwezi, useNA = "ifany").

Mhimili

Sasa vijistari vya wima. Geom_line huunganisha nukta zilizo kwenye kundi moja. Mhimili wa x ukiwa wa makundi, ggplot2 huufanya kila mwezi kundi lake, kwa hiyo siku zote za Aprili zinaunganishwa juu ya Aprili ileile. Unahitaji mambo mawili: kujumlisha kwanza, kisha kutaja kundi.

Kwenye kujumlisha kuna mtego. Aggregate ikiandikwa kwa alama ya ~ huzitupa rekodi zenye NA kabla ya kujumlisha. Mwezi uliokosa siku kumi utapewa jumla ya siku ishirini zilizobaki, na hakuna atakayejua. Izuie hivi:

```
jumla <- aggregate(mm ~ kituo + mwaka + mwezi, data = mvua,
                   FUN = function(v) if (anyNA(v)) NA else sum(v),
                   na.action = na.pass)

g <- ggplot(jumla, aes(mwezi, mm, group = kituo, colour = kituo)) +
  geom_line() + geom_point() +
  facet_wrap(~ mwaka, ncol = 1) +
  labs(x = NULL, y = "Mvua (mm)", colour = "Kituo")
```

Mwezi wenye pengo utakuwa NA na mstari utakatika pale. Acha ukatike, ndivyo data ilivyo. Angalia pia siku ambazo hazina rekodi kabisa, maana hizo hazina hata NA ya kukamatwa: table(mvua$kituo, mvua$mwezi, mvua$mwaka) itakuonyesha Januari yenye siku 27.

Usiiache facet_wrap. Bila kutenganisha miaka, kila kituo kina nukta mbili kwa kila mwezi, na mstari utapanda na kushuka kama meno ya msumeno. Kama unataka miaka yote kwenye grafu moja, andika group = interaction(kituo, mwaka) na uweke linetype = mwaka.

Majina ya miezi yakigongana, ongeza theme(axis.text.x = element_text(angle = 45, hjust = 1)). Kuhifadhi: ggsave("mvua.png", g, width = 16, height = 14, units = "cm", dpi = 300). Usiivute picha kwa kipanya ili iwe kubwa, maandishi yatafifia.

Kipimamvua

Imekubali, miezi imekaa sawa na Machi 2022 ya kituo kimoja imekatika kweli. Swali la mwisho: nikichora visanduku (boxplot) vya mvua ya kila siku na kuweka ylim(0, 60) ili vionekane vizuri, mstari wa katikati unahama. Ni kawaida?

Mhimili

Ndiyo, na usiitumie hapo. Ylim hugeuza kila thamani iliyo nje ya mipaka kuwa NA kabla ya robo na mediani kukokotolewa, kwa hiyo ile siku yako ya mm 108 haimo tena kwenye hesabu. Weka coord_cartesian(ylim = c(0, 60)): hesabu inafanyika kwa data yote, kinachosogezwa ni dirisha tu. Kwenye maelezo ya grafu taja kwamba kuna siku zilizozidi mm 60 ambazo hazionekani.