Mwenye kisukari na upasuaji wa tumbo: arudishwe nyumbani au akatwe?

MzeeWaZamu:
Assalamu alaykum. Mwongozo wa Uingereza unasema upasuaji wa kupangwa usubiri mpaka HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, iwe chini ya 8.5%, Wamarekani wanataka chini ya 8%. Kwetu mtu anatoka Pemba kuja mjini kutolewa vijiwe vya nyongo, anapimwa, anasoma 11%. Mimi nasema wa henia na wa nyongo isiyomsumbua arudi, atengeneze sukari miezi miwili mitatu. Mwenye saratani ya utumbo mpana hana miezi mitatu ya kuchezea. Utumbo uliotobolewa na taifodi haumo kwenye mjadala, huo unakatwa usiku huohuo. Na kabla hamjailaumu spitali, mjue kuna jamaa wanaoingiza halua ya Wete wodini chini ya kanga.

Kojani_Kavu:
Halua ya Wete imekukosea nini, sheikh? Haya, tupige hesabu. Lita moja ya dripu ya dekstrosi 5% ina gramu 50 za sukari. Mgonjwa wa utumbo hali kitu, anatundikiwa lita mbili kwa siku, gramu 100 zinaingia mshipani moja kwa moja, na karatasi ya insulini iko tupu. Asubuhi kidole kinasoma 17 (milimoli kwa lita), mnatafuta Mpemba wa kumlaumu.

BiZamuUsiku:
Kaka Kojani, dripu haijitundiki, na muuguzi hutundika kilichoandikwa. Uliza aliyeandika.
Karatasi tupu inatokana na neno moja tu, "asile". Likishaandikwa, insulini yote inafutwa. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hakatiwi insulini ya msingi, ile ya muda mrefu, hata kama hali. Inapunguzwa, abakishiwe kama 80% ya dozi yake. Vidonge vya kisukari navyo: metformini inaachwa asubuhi ya upasuaji. Dapagliflozini na empagliflozini zinaachwa siku tatu kabla, kwa sababu ketoni, asidi ya mafuta yanayochomwa mwilini, hupanda huku sukari ikisoma 9. Mgonjwa anatapika na kuhema, kila mtu anasema ni nusukaputi.

Mchangani12:
Kwani insulini zote hizo za nini? Utafiti wa 2009 ulishaonyesha kubana sukari kunaua. Iacheni ikae 15, mtu apone.

MzeeWaZamu:
Yakhe, soma mpaka chini. Huo ni NICE-SUGAR, wagonjwa mahututi zaidi ya 6,000. Waliobanwa kati ya 4.5 na 6.0 walikufa 27.5% ndani ya siku 90. Waliolengwa wawe 10 au chini walikufa 24.9%. Hilo kundi la pili nalo lilichomwa insulini likipita 10. Kundi la 15 umelitoa wapi? Funzo lake ni usifukuzie 5. Kaa 6 hadi 10.

Mchangani12:
Sawa, profesa. Basi niambie, asiye na kisukari mnamchoma kidole? Jimbo la Washington kule Marekani walitoa takwimu 2013, zaidi ya wagonjwa 11,000, waliokatwa utumbo mpana na waliopunguzwa unene. Sukari iliyopita 180, yaani 10 kwa kipimo chetu, iliandamana na maambukizi, kurudishwa thieta na vifo, mwenye kisukari na asiye nacho. Waliopata insulini siku ileile hatari yao haikuonekana kuzidi. Mnabishana juu ya mwenye kadi ya kliniki, na asiye na kadi amelala kitanda cha pili na 14 yake.

Kojani_Kavu:
Hapo umenena, ingawa dakika tano nyuma ulitaka ikae 15.
Na hiyo HbA1c mnayoiabudu, mwenye selimundu humdanganya, chembe zake hufa mapema na kipimo kinasoma chini. Uvimbe wa upande wa kulia wa utumbo mpana huvuja damu kimyakimya. Akiongezewa chupa mbili za damu, mnapima sukari ya wachangiaji. Upungufu wa madini chuma nao hukipandisha juu. Pima fruktosamini, kipimo kingine cha damu, inaonyesha sukari ya wiki mbili tatu, au mpe glukomita, mashine ya kupima kidole, na daftari.

Mchangani12:
Na pampu ya kupitisha insulini mshipani hakuna. Hiyo 6 hadi 10 mnaipata kwa dua?

Kojani_Kavu:
Mchanganyiko wa zamani wa daktari Alberti, unatundikwa kama dripu. Mililita 500 za dekstrosi 10%, yuniti 15 za insulini ya haraka, ile angavu, siyo ya rangi ya maziwa, na milimoli 10 za potasiamu. Mililita 100 kwa saa. Pima kila saa mbili. Ikipanda, funga mfuko mpya wenye yuniti 20, ikishuka, wenye 10. Watu huharibu kwa mambo mawili. Hawaugeuzigeuzi mfuko, au wanasahau potasiamu, na insulini huiingiza ile iliyopo ndani ya chembe mpaka moyo unapiga ovyo. Mwenye figo mbovu, potasiamu ipimwe kwanza.

BiZamuUsiku:
Na maji ya dafu, yenye potasiamu yake, asipewe huyo wa figo, maana najua swali linalofuata.
Mnahesabu mifuko, siku ya hatari hamjaigusa. Maungio ya utumbo, pale uliposhonwa, huwa dhaifu siku ya tatu mpaka ya tano: kolajeni ya zamani, nyuzi zinazoshikilia nyama, imeyeyuka, mpya haijashika, na ya mwenye kisukari huchelewa zaidi. Sukari ilikuwa 8 imetulia, siku ya nne inaruka 14 kwa uji uleule, mapigo 110. Hapo msiongeze insulini mkaenda kulala. Hesabuni kuwa ungio linavuja mpaka mthibitishe vingine. CRP, kipimo cha damu cha uvimbe na maambukizi, ya siku ya tatu au ya nne ikipita 150, mpigieni mpasuaji, msingoje homa.

MzeeWaZamu:
La kuvuja nimelipokea, bibie. Lakini hamjanijibu, wa nyongo mwenye 11% arudi au asirudi?

Kojani_Kavu:
Arudi, na tarehe mkononi na insulini ndani ya mkoba. Nauli ya boti ya pili anatoa nani, mwongozo wa Uingereza?