Fundi mkongwe azungumze mbele ya watu, ndani ya ukumbi wa kale: nipange vipi?

Mlinzi_wa_Dari aliuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Nasimamia mihadhara ya wazi kwenye jumba la karne ya 19. Ukumbi wake mkubwa una dari ya plasta yenye nakshi, mbao za ukutani zilizochongwa, fremu zilizopakwa dhahabu na mapazia ya hariri ambayo hata kuyasogelea naogopa. Safari hii wakubwa wameamua maprofesa wapumzike, waje mafundi wenyewe. Wa kwanza ni mzee wa plasta. Mikono yake sijaona mfano, ila maneno anayatoa kwa kuhesabu. Tulipofanya majaribio alipewa maikrofoni na picha za kuonyesha ukutani, akasoma karatasi kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani, mara akawa amemaliza. Baadaye nikamfuata kwenye meza yake ya kazi. Akanieleza ukingo mmoja tu wa dari kwa muda mrefu, na nikatamani aendelee.

Sasa huyu mzee nimpange vipi azungumze bila kumgeuza mwalimu wa darasani? Halafu wakubwa wanataka tukio lifanyike ndani ya ukumbi wenyewe: watu 120, kwa muda wa saa mbili, taa zote ziwake. Roho yangu haitulii. Na kuna lile swali lisilokosekana: "Kwa nini msipake tu rangi mpya pakapendeza?" Kila nikianza kulijibu naona watu wanatoa simu.

Kamera_Begani alijibu:

Mtoe jukwaani. Meza, kamera juu ya mikono, picha iende skrini kubwa. Wa viti vya nyuma hawauoni mwiko, wanaona mgongo wa mzee tu. Na maikrofoni iwe ya kubana kwenye shati, ya kushika inamnyang'anya mkono mmoja.

PatasiButu alijibu:

Mlinzi, mimi ni mchongaji na mkarabati wa mbao. Nimehudhuria mihadhara ya namna hiyo nikiwa upande wa meza na upande wa viti. Inayochosha unaijua mapema: fundi ameombwa asimulie maisha yake. Kazaliwa wapi, kafundishwa na nani, kashika patasi tangu lini. Hayo yaandike kwenye kipeperushi. Mezani muulize uamuzi. Mbona umeishia hapo? Umejuaje kwamba sasa imetosha? Fundi asiyejua kuhutubia anajua kujibu hilo, kwa sababu ndilo analojiuliza kutwa nzima.

Kwa hiyo usimtafutie hotuba, mtafutie muulizaji. Awe mtu anayeijua kazi kiasi cha kuona mkono ulipobadilisha mwendo, lakini asiwe mjuaji wa kumkatiza. Aliyewahi kuwa mwanafunzi wake angefaa kuliko mtangazaji yeyote.

Na bahati yako ni kwamba plasta yenyewe ina mchezo wake. Ukingo wa dari unavutwa kwa kipande cha bati kilichokatwa umbo na kupigiliwa kwenye ubao, fundi anakisukuma juu ya plasta mbichi, anaongeza plasta, anasukuma tena, mpaka umbo litoke kali. Anayafanya haya yote kabla haijaganda. Jasi, yaani jiwe linalotengenezewa plasta, likichomwa kwenye joto la nyuzi 150 hivi hupoteza sehemu kubwa ya maji yake. Ukilichanganya na maji linayarudisha, linapata moto, linatanuka kidogo na kuwa gumu. Kule kutanuka ndiko kunakoisukuma plasta iingie kwenye kila kijipembe cha kalibu ya ua. Basi mzee akishakoroga, bakuli moja lizungushwe kwa wasikilizaji walishike kwa nje. Watalisikia likipata joto viganjani mwao, na hapo hutahitaji slaidi. (Kwa nje, nimesema. Asizamishe mtu mkono humo, plasta nyingi inapoganda huunguza vibaya.)

Mzee akinyamaza wakati anasukuma bati, muulizaji naye anyamaze. Waandaaji wengi wanaogopa kimya, wanakijaza maneno, na ndipo wanapoharibu.

Nikupe mfano wa jinsi uamuzi mdogo unavyoweza kubeba mazungumzo mazima. Mwezi Machi 1986 moto uliunguza sehemu ya kasri la Hampton Court, Uingereza. Ikateketea nakshi ya Grinling Gibbons, mchongaji aliyefariki 1721: shada refu la maua na majani, zaidi ya mita 2, la mti laini wa linden. Mmarekani David Esterly ndiye aliyelichonga upya. Unaweza kudhani kilichompa taabu ni patasi. Kilichompa taabu ni uso wa mbao. Gibbons aliulainisha kwa nini, wakati msasa wa karatasi tunaoujua leo haukuwepo? Esterly alizimulika nakshi zilizonusurika kwa mwanga wa ubavuni, akaona mikwaruzo myembamba inayokwenda sambamba, akaifuatilia mpaka kwenye shina la ekuiseto, mmea ambao ngozi yake imejaa chembe ngumu za silika, madini yaliyomo kwenye mchanga. Sasa fikiria fundi anakaa mezani na kipande cha linden na kishada cha mashina makavu, anasugua, anampa mtu wa mstari wa mbele aguse kabla na baada. Muda wote wa mhadhara unaisha hapo, na hakuna atakayeuliza unaisha saa ngapi.

Mzee wako naye ana ekuiseto yake. Mtu akae naye mezani mapema, amsikilize, mpaka aijue ni ipi.

Bi_Nyuzi alijibu:

Naungana na PatasiButu upande wa mzee. Ila bakuli la plasta lisiingie ukumbini hata kwa dawa.

Mlinzi, roho yako haitulii kwa haki. Mimi nahifadhi vitambaa vya kale, kwa hiyo chumba nakiangalia kwa macho ya pazia. Mtu aliyekaa tu kimya hutoa mvuke wa gramu 50 hivi kwa saa kwa pumzi na ngozi, na joto la wati 100 hivi. Piga hesabu ya watu 120 kwa saa mbili: lita 12 za maji hewani, na hita ya kilowati 12 iliyowashwa katikati ya chumba. Maji hayo yanakwenda kwenye kitu chochote kinachonywa unyevu, na ukumbini mwenu karibu kila kitu kinakunywa. Chini ya dhahabu ya zile fremu kuna tabaka la chaki na gundi ya wanyama, chini ya chaki kuna mbao. Mbao zinatanuka, watu wakiondoka zinasinyaa, chaki haiwezi kuzifuata, inapasuka. Dhahabu yenyewe ni karibu sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, haina nguvu ya kushikilia chochote. Wafaransa walilifunga kwa umma pango la Lascaux, lenye michoro ya kale, mwaka 1963, na pumzi za watalii ni sehemu kubwa ya sababu. Lile ni pango la mawe! Hariri je?

Taa nazo. Kwa hariri kiwango kinachokubalika kwenye makumbusho ni laksi 50, yaani mwanga hafifu kabisa, na madhara hujumlishwa: jioni moja ya taa kali hairudishwi kwa kuzima taa kesho yake.

Ningefanya hivi. Mhadhara na plasta viwe kwenye jengo jingine, au chumba kisicho na cha kuharibika. Baada ya hapo watu waingie ukumbini kwa vikundi vidogo, 15 hivi, bila viti, taa za juu zimezimwa, na mzee awe na tochi moja. Ammulikie mgeni dari kwa ubavu. Mwanga wa ubavuni unaonyesha mwiko ulipopita, mahali paliposhikizwa, maua mawili ambayo hayakutoka kwenye kalibu moja. Taa zote zikiwaka dari inakuwa nyeupe tupu, hakuna anachoona mtu.

Jambo la mwisho, na hili usilijadili na wakubwa, waambie tu: kabla ya kukusanya umati chini ya dari ya plasta, ikaguliwe kutokea upande wake wa juu. Desemba 19, 2013 sehemu ya dari ya ukumbi wa Apollo Theatre, London, iliangukia watazamaji katikati ya onyesho na kujeruhi makumi ya watu. Vishikizo vya plasta na kitambaa cha gunia vilivyoifunga dari kwenye boriti vilikuwa vimechakaa, na ukiwa chini huwezi kuviona.

Rangi_Mpya alijibu:

Mimi ni katika hao wanaouliza swali hilo, na sioni kosa langu. Hekalu la Ise, Japani, linajengwa upya lote kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho 2013. Mbao mpya kabisa. Hakuna anayesema si la kale. Nyinyi mnalinda vumbi mnaita historia.

PatasiButu alijibu:

Rangi_Mpya, Ise umeitaja vizuri, lakini umechukua nusu. Pale kinacholindwa ni mikono: kijana anayebeba mbao kwenye ujenzi mmoja anakuwa mzoefu kwenye unaofuata na mzee kwenye ule wa baadaye. Ndiyo maana Waraka wa Nara wa 1994, makubaliano ya kimataifa ya wahifadhi, ulikubali kwamba uhalisi unaweza kukaa kwenye ufundi na matumizi pia, si kwenye mbao na mawe peke yake. Sasa nionyeshe nani amekuwa akivuta ile dari ya Mlinzi upya kila miaka 20. Hakuna. Ukibomoa pale, umepoteza kitu na mkono kwa pamoja.

Lakini swali lako si la kijinga, Mlinzi usilikimbie. Usilijibu kwa maneno, lijibu kwa dirisha. Mwombe mhifadhi afungue kipande kidogo cha ukuta, mahali pa pembeni, kwa kisu cha upasuaji, tabaka moja baada ya jingine, kila moja liachwe limeonekana kwa upana wa kidole. Labda juu kuna krimu, chini yake kahawia, chini tena kijani, halafu bluu. Wageni wakiuliza kwa nini msipake upya, wapeleke hapo uwaulize: turudi kwenye ipi? Watabishana wenyewe kwa wenyewe, na hakuna atakayegusa simu. Tena wakiona kwamba rangi wanayoiita ya kale ni ya juu kabisa, yaani ya juzi, wanaanza kuuliza maswali ya maana.

Dirisha lifunguliwe na anayejua, si mtu wa kujitolea na msasa. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na baadhi ya kijani za karne ya 19 zilikuwa na sumu ya aseniki.

Mlinzi_wa_Dari aliandika:

Wakuu, nimepata pa kuanzia. Nimeshazungumza na wakubwa: ukaguzi wa dari wamekubali palepale, mhadhara kuhamia jengo la nyuma wamenuna kidogo. Vikundi vya 15 na tochi wamevipenda.

Limezuka jingine. Wanataka kurekodi kila kitu na kuweka mtandaoni. Mzee hana shida na kuvuta ukingo, ila kuna namna anavyochelewesha plasta isigande haraka, hiyo hataki irekodiwe.

Bi_Nyuzi alijibu:

Basi isirekodiwe. Muulize mapema, siku ya utulivu, si jioni ya tukio kamera zikiwa zimeshasimamishwa. Muandikiane kwa lugha anayoielewa: nini kinarekodiwa, nini kinazimwa, video inakaa wapi, na ana haki ya kuitazama kabla haijatoka.

Kamera_Begani alijibu:

Achanganye kabla watu hawajaingia. Kamera iwashwe bakuli likiwa tayari. Hakuna atakayejua kuna kitu kimerukwa.

PatasiButu alijibu:

Na mzee anamfundisha nani siri hiyo? Hilo ndilo la kumuuliza, taratibu. Japani, chini ya sheria yao ya 1950 ya mali za utamaduni, mabingwa wanaotambuliwa na serikali hupewa yeni milioni 2 kwa mwaka, na wanatarajiwa kuzitumia kuendeleza ufundi wao na kurithisha wengine. Wakubwa wako wakiwa na bajeti ya kamera tatu, wapunguze mbili, wamlipe kijana akae na mzee hiyo miezi ya maandalizi. Huyo kijana ndiye awe muulizaji wako siku ya tukio. Na mzee mwenyewe alipwe siku zote za kuandaa, pamoja na ile jioni ya majaribio mliyomsomesha karatasi.