Shule ndogo za kijijini, ufaulu wa kupanda na kushuka: tupeane uzoefu

Mjumbe: Wakuu, matokeo ya darasa la saba yakitoka, kijiji chetu kinaanza kutafuta mchawi. Shule ina wanafunzi kama 150, watahiniwa hawazidi 12. Wakianguka watatu tu, ufaulu umeshakuwa asilimia 75 na mwalimu mkuu anaitwa wilayani kujieleza. Mwaka uliotangulia walifaulu wote, tukasifiwa mpaka basi. Walimu ni walewale! Mliosoma, mliofundisha au mnaosomesha shule za namna hii, karibuni.

Ticha wa Kusini: Mjumbe, umesahau fedha. Elimu bila ada ilipoanza 2016, ruzuku ilipangwa kwa kichwa: shilingi 10,000 kwa mwaka, 6,000 zije shuleni, zilizobaki za vitabu. Piga hesabu ya watoto 150: 900,000, sawa na 75,000 kwa mwezi. Hapo utoe chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo. Walimu nao ni hivyohivyo. Uwiano ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, kwa hiyo kwenye makaratasi nyie mnatoshwa na wanne, wakati madarasa ni saba na awali juu. Mimi nafundisha la tatu na la nne chumba kimoja. Ubao nimeuchora mstari katikati, nikiwaandikia hawa kazi nahamia kwa wale.

Mjukuu wa Bibi: Kwetu Lindi mahindi yakianza kubeba, watu wanahamia shambani kufukuza ngedere na nguruwe pori. Watoto nao humohumo. Kwenye rejista majina yamejaa, darasani nusu. Mimi niliponea kwa bibi, yeye alibaki kijijini.

Mstaafu: Na wanaofeli kwa maagizo je? Nimesimamia mitihani, nimekuta binti mwenye akili zake anasiliba herufi moja kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho. Nyumbani kaambiwa asifaulu, kwa sababu sekondari ya kata iko mbali, itabidi apangishiwe chumba, na mchumba yupo tayari. Huyo hata umletee walimu kumi.

Mjumbe (mleta mada): Mzee umenigusa, kwetu hilo lipo na halisemwi kwenye kikao. Ticha, huko kwenu chakula cha mchana mnafanyaje?

Ticha wa Kusini: Kande. Kila kaya debe la mahindi baada ya mavuno, wasio nalo wanaleta kuni. Utoro umepungua. Ila kuna wazazi wanasema serikali ilishatangaza bure, hawatoi hata punje.