Michoro ya Kichina ya marehemu baba: tuipeleke mnada gani?

Binti wa Milimani, Kisumu

Wanajukwaa, salamu kutoka Kisumu. Marehemu baba yetu alisomea uhandisi mjini Beijing kuanzia 1983 hadi 1988, na aliporudi alikuja na sanduku la bati lenye michoro ya Kichina ishirini na mitatu, yote ya karatasi iliyokunjwa kwenye vijiti. Alifariki mwaka jana. Miongoni mwetu watoto watatu hakuna asomaye Kichina, na tungali tukiiona michoro hiyo kama kumbukumbu tu, hadi mgeni mmoja aliyekuja kutoa pole alipofungua mchoro wa kamba, wale wa majini, akatamka jina la mchoraji wa Kichina, Qi Baishi, na kutuambia kwamba kazi ya mtu huyo iliwahi kuuzwa kwa mamilioni ya dola. Tangu siku hiyo hatulali vizuri. Kaka mkubwa anataka tumwite dalali wa hapa mjini auze vyote siku moja tugawane fedha, mdogo wetu anataka vipelekwe Hong Kong, nami ndiye niliyeachiwa ufunguo wa sanduku. Naomba ushauri wa watu wanaoielewa kazi hii.

Karani Mstaafu, Kakamega

Pole sana kwa msiba, dada. Kabla ya kuzungumzia mnada, fahamuni kwamba michoro hiyo kwa sasa si yenu bali ni mali ya marehemu. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinamzuia mtu yeyote kuuza au kujitwalia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ombeni mahakamani barua za usimamizi wa mirathi, muiorodheshe michoro mmoja mmoja pamoja na mali nyingine, kisha msubiri idhini hiyo ithibitishwe, jambo ambalo kwa kawaida huchukua angalau miezi sita. Nimeona familia zilizopatana vizuri kabisa zikafarakana kwa sababu ya ng'ombe wawili waliouzwa mapema, sembuse kitu ambacho hakuna ajuaye bei yake.

Jirani wa Kondele

Binafsi naona tunajitafutia makuu. Madalali wenye leseni tunao, na fedha iliyo mkononi leo haifanani na ya kuahidiwa ng'ambo. Mkiona hapa hapawafai, Nairobi kuna Circle Art Gallery, ambayo imekuwa ikifanya mnada wa sanaa tangu 2013.

Mfunga Fremu, Nakuru

Ndugu wa Kondele, dalali wetu amezoea kuuza magari na viti vya wadaiwa, na wanaofika kwenye mnada wake hufika wakitafuta bei ya kutupa. Mnada wa Nairobi uliotaja ni wa heshima, ila wateja wake hufuata kazi za Afrika Mashariki. Michoro ya Kichina ikipelekwa huko itakuwa samaki aliyeletwa soko la mahindi.

Sasa turudi kwa dada. Nimefunga picha hapa Nakuru kwa zaidi ya miaka ishirini, na ya Kichina hunifikia mara kwa mara. Tafuta lenzi ya kukuza, ile ya fundi saa inatosha, uchunguze mchoro wa kamba mahali wino unapofifia. Ukiona vidoti vya rangi vilivyojipanga, hiyo ni chapa ya mashine na hakuna haja ya kuendelea. Usipoviona, usishangilie bado. Karakana ya Rongbaozhai ya Beijing ina sifa ya kunakili michoro kwa mbao za kuchonga, kila kivuli cha wino na ubao wake, kisha kuichapa kwa rangi za maji juu ya karatasi ya xuan, ambayo ndiyo wachoraji wenyewe huitumia. Kamba wa Qi Baishi na farasi wa Xu Beihong, mchoraji mwingine mashuhuri, wamenakiliwa hivyo kwa wingi na kuuzwa waziwazi, tena kwa halali, na mara nyingi nakala huwa na muhuri mdogo wa karakana kwenye kona. Huenda baba yenu alijua vizuri alichokinunua, isipokuwa hakuwahi kuulizwa.

Tofauti huonekana pale mapigo mawili ya brashi yanapopishana. Kwenye mchoro wa mkono, wino wa pili hunywea ndani ya ule wa kwanza na kuacha ukingo usio sawa, ilhali kwenye chapa ya mbao vivuli hulaliana kwa unyoofu unaotia shaka. Muhuri mwekundu nao hugongwa kwa unga wa sinabari, yaani madini mekundu, uliochanganywa na mafuta, na ukiinamisha karatasi mbele ya dirisha utauona umekaa juu yake badala ya kuzama.

Tarehe iliyoandikwa kando ya picha isiwahadae. Kwa desturi, Wachina huhesabu miaka kwa mzunguko wa majina sitini, kwa hiyo mwaka uitwao yichou ni 1925 na vilevile ni 1985. Qi Baishi alizaliwa 1864 akafariki 1957, hivyo mchoro wake wa yichou lazima uwe wa 1925, lakini mwanafunzi wa sanaa aliyeuiga mtindo wake wakati baba yenu akiwa darasani angeandika herufi zilezile bila kusema uongo. Zaidi ya hayo, mzee huyo alijiongezea miaka miwili mwaka 1937 kwa ushauri wa mpiga ramli, na umri anaouandika kwenye kazi zake za uzeeni hauwiani na hesabu ya kawaida. Waigaji wasiolijua hilo hukamatwa hapo.

Ninachokusihi ni msiubandike mchoro wowote kwenye ubao wala kuufunga kwa plastiki, na selotepu isiukaribie kabisa. Sanduku la bati karibu na ziwa hushika unyevu; liondoeni ukutani na sakafuni, na mnapokunjua muwe wawili wenye mikono mikavu.

Msafiri wa Eldoret

Niongeze kuhusu Hong Kong, ambako nimewahi kumsindikiza jamaa aliyekuwa na shughuli ya aina hii. Bei aliyoitaja mgeni wenu ni ya kweli: mnamo Desemba 2017 kampuni ya mnada ya Poly mjini Beijing iliuza mandhari kumi na mbili za Qi Baishi za mwaka 1925 kwa yuan milioni 931.5, takriban dola milioni 140. Lakini mwaka 2011 mchoro wake wa tai ulifikia yuan milioni 425.5 kwenye mnada wa China Guardian, shaka zikazuka kuhusu uhalisi wake na mnunuzi hakulipa. Nyundo ikigonga, fedha bado haziko mfukoni.

Hong Kong haitozi kodi ya mauzo, na hilo ni faida kwa wanunuzi. Kampuni za mnada za Christie's, Sotheby's na Bonhams hutazama picha za kupigwa kwa kamera bila malipo kabla hamjasafirisha chochote, kwa hiyo anzeni na hilo: picha ya mchoro mzima, maandishi, kila muhuri, na mgongo wa karatasi. Tafuteni pia stakabadhi za dukani, barua, hata picha ya baba akiwa chumbani mwake Beijing na mchoro ukutani, kwa kuwa historia ya umiliki ndiyo inayomshawishi mtathmini. China huzuia kazi za baadhi ya wachoraji, akiwemo Xu Beihong na Fu Baoshi, zisitoke nchini humo, na mkiwa na jina kama hilo mtaulizwa lilitokaje. Mkifikia mkataba, kubalianeni bei ya chini ambayo mchoro hautauzwa bila kuifikia, na mjue nani atalipia bima na usafiri wa kurudi usipopata mnunuzi.

Halafu kagueni vifundo vilivyo kwenye ncha za vijiti. Vingine hutengenezwa kwa mbao au pembe ya nyati, lakini vingine ni pembe za ndovu, na hapo hadithi ni nyingine kabisa.

Binti wa Milimani, Kisumu

Nawashukuru nyote. Leo asubuhi nimeifungua yote nikiwa na shangazi. Tisa ina vidoti. Wa kamba hauna, lakini kwenye kona ya chini kushoto kuna muhuri mdogo usiofanana na mingine, na kaka hataki kusikia maana yake. Vifundo vingi ni vya mbao, isipokuwa mchoro mmoja wa milima ambao vyake ni vyeupe na vizito. Nitajuaje ni nini?

Msafiri wa Eldoret

Usivikwangue wala kuving'oa. Tazama kwa lenzi upande wa mwisho uliokatwa: vitundu vidogo vyeusi huonyesha mfupa, na mistari myembamba inayokatana kama wavu huonyesha pembe ya ndovu. Ukiiona mistari hiyo, mchoro huo usitoke nyumbani. Kuwa na pembe bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na Hong Kong nayo ilifunga biashara ya pembe mwishoni mwa 2021. Mtafuteni wakili awaandikie Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kwa niaba ya familia, na kwenye orodha ya mahakama muuandike mchoro huo pamoja na vifundo vyake.