Mnaopeleka watu maporomoko ya Shimba Hills, mbona hamsemi ukweli wa njia??

Assalam alaikum wadau, na wengine habari zenu. Mimi hapa ni wa kusoma na kupita, uzi sijawahi kufungua, lakini leo wacha niseme maana nimenyamaza wiki mbili na roho haijatulia.

Kuna jamaa hapa Mombasa wanapanga tripu za wikendi, jina silitaji, wakisoma watajijua. Waliweka tangazo kwenye grupu ya WhatsApp, maporomoko ya Sheldrick kule Shimba Hills, shilingi 3,500 kwa kichwa, gari, kiingilio, maji ya kunywa na chakula cha mchana vyote ndani. Chini wakaandika "kutembea kidogo tu, hata wazee na watoto wanaweza". Hayo maneno ya wazee nimeyapiga skrinishoti na ninayo mpaka sasa, kwa sababu ndiyo yaliyonitoa pesa ya watu wawili, mimi na mamangu.

Mamangu ana miaka 62, Mdigo wa Matuga, kaolewa huku Mombasa akiwa msichana, na umri wote huo anasikia habari za hayo maporomoko na hajawahi kuyatia machoni. Wageni wanatoka Ulaya wanakuja kuyaona na mwenyeji hajui yanafanana vipi. Nikasema mwaka huu ataona, inshallah. Goti lake la kushoto linamsumbua lakini sokoni anaenda na kurudi mwenyewe, na bado sikutosheka, nikapiga simu kabisa nikauliza, ndugu yangu nna mtu mzima ana goti, njia ikoje? Akanambia ni mteremko tu, kama kilomita mbili, hamna tabu.

Sasa huo mteremko ni wa kwenda! Maporomoko yako chini bondeni, gari linabaki juu, kila hatua unayoshuka utakuja kuipanda ushachoka na joto la msituni limekukaba. Mtu anaepeleka watu pale kila mwezi hilo analijua kuliko mimi, na alinyamaza makusudi kwa sababu angesema mamangu asingelipa.

Siku yenyewe tuliambiwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari linaondoka. Tumeondoka saa tatu kasoro, wanangojea watu ambao hata walikuwa hawajalipa, kisha foleni ya feri Likoni, Ng'ombeni, Kombani tukakata kulia, mpaka tunafika getini ni karibu saa sita mchana. Safari ya kutembea na jua ndio kwanza liko utosini.

Na pale getini ndio nikajua hawa watu hawajui hata wanachofanya. Yale maji "yaliyomo ndani ya bei" ni katoni za chupa za plastiki, zile za kunywa na kutupa. Jamani hizo zimepigwa marufuku kwenye mbuga na misitu ya hifadhi Kenya nzima tangu tarehe 5 Juni 2020, si habari ya jana! Askari wakazizuia, na walikuwa na haki, mimi siwalaumu hata kidogo, msitu ule una tembo, una wale swala wakubwa wanaoitwa palahala ambao Kenya hii huwapati pengine popote, hatuwezi kuujaza machupa. Lakini mpangaji hakuwa na mtungi, hakuwa na jagi, hakuwa na chochote, kwa hivyo watu ishirini na kitu wakaingia msituni saa sita bila maji. Mamangu alikuwa na flaski yake ya chuma ya lita moja, ile ya kwenda nayo kliniki, na ikanyweka na watoto wa watu njiani kwa sababu yeye hawezi kumuona mtoto ana kiu akajifunika.

Tukashuka na askari wa KWS (shirika la wanyamapori) mbele na bunduki yake maana ndovu wamo, mavi yao mabichi tumeyapita. Njia ina mizizi na udongo wa utelezi, kuna dada kaja na champali, hakuna aliemwambia avae viatu, akaanguka mara mbili. Lakini wallahi tulipofika nikasahau yote. Maji yanashuka kama mita 21 hivi, baridi inakupiga usoni kabla hujayakaribia, na mamangu akakunja buibui akakaa juu ya jiwe akatia miguu majini akawa anacheka peke yake. Sijamuona hivyo tangu babangu afariki.

Dakika kumi na tano. Ndizo tulizopewa, kisha "twendeni twendeni feri itatushinda". Ucheleweshe wewe masaa mawili na nusu kisha dakika za mamangu ndizo uzikate?

Kupanda ndio kulikuwa balaa. Kiongozi kakaza mwendo mbele na vijana wenzake na spika inalia (msituni!), nyuma tumebaki mimi, mama, yule dada wa champali na mzee mmoja wa Changamwe na wajukuu wake. Nusu ya njia mama akasimama, midomo imekauka, akanambia mwanangu miguu haiitikii. Nikapiga kelele. Alierudi ni askari, yule kijana alisimamisha msafara mzima akasema hapa hakuna mtu anaachwa nyuma, akampa mama maji yake mwenyewe, tukawa tunapanda hatua kumi tunapumzika. Mungu ampe umri. Kiongozi tulipomkuta juu neno lake la kwanza ni "sasa mama wa umri huu ulimletea nini?" Mbele ya mama. Baada ya tangazo lake mwenyewe.

Nikauliza kwenye grupu siku ya pili, kwa heshima kabisa, nikaondolewa.

Ningeyameza, lakini juzi nimeona tangazo lao jipya, chemchemi za Mzima kule Tsavo West, kwenda na kurudi siku moja, na wameandika watoto waje na nguo za kuogelea. Ku-o-ge-le-a Mzima! Pale pana viboko na mamba. Maji ni safi mpaka unaona samaki kwa sababu ni mvua ya milima ya Chyulu iliyochujwa chini kwa chini kwenye mawe ya volkano, na ndiyo hayo tunayoletewa Mombasa kwa bomba la kilomita 220 hivi, lakini usafi wake haumfanyi mamba kuwa samaki. Watu wanatembea kandokando na askari, wanaingia kile chumba cha vioo cha kuangalia chini ya maji, basi. Mzazi yeyote uliyelipia hiyo tripu tafadhali piga simu leo.

Na msiniambie ati ndivyo tripu za bei nafuu zilivyo. Nendeni Gazi kwa wale kina mama wenye daraja la mbao kwenye mikoko. Mimi nilienda mwaka jana, kabla sijatoka nyumbani nishaambiwa maji yatajaa saa ngapi na yatatoka saa ngapi, nivae nini, wapi pana mbao za kuangalia nisije nikaumia, na mama aliyenitembeza ananionyesha huu mkoko, huu mchu, huu mkandaa, huu muia, anaingoja miguu yangu bila kunikimbiza. Hawana gari wala spika. Wanaijua njia na wanaisema ilivyo.

Ninachotaka ni pesa ya mamangu irudi, shilingi 3,500, yangu wabaki nayo. Na wampigie simu wamuombe radhi kwa lile neno, kwa sababu tangu siku ile nikimwambia tutoke hata kwenda Lighthouse kupunga upepo anajibu atanichelewesha.

Skrinishoti na ujumbe wa M-Pesa ninavyo, anaetaka kuona kabla hajalipia hiyo ya Mzima aje inboksi.