Mwalimu wa malezi Bagamoyo, nataka kusoma masta ya unasihi (ushauri nasaha), nianzie wapi?

Binti_Dunda
Habari zenu wapendwa. Mi ni mwalimu wa sekondari hapa Bagamoyo, nina digrii ya elimu, nafundisha Kiswahili na Historia, huu mwaka wa sita. Mwaka juzi mkuu wa shule akanikabidhi malezi ya wasichana, hakuna semina wala kitabu, nilipewa tu kwa sababu watoto wananizoea. Nikajua ni mambo ya sare na utoro na vijibarua vya wavulana. Kumbe mtoto anakuja anakaa, analia dakika ishirini hasemi neno, kengele ikigonga anafuta uso anarudi darasani na mi nabaki najiuliza nimemsaidia nini. Wengine wanasema mambo ambayo usiku silali.

Kilichonisukuma kuandika ni kwamba nimegundua naongea sana. Mtoto akianza tu kusimulia mi nishamwambia mwanangu fanya hivi, vumilia, muombe Mungu, kazana na masomo, na namuona kabisa anavyojifunga, anaitikia "sawa madam" na harudi tena. Nataka kusoma hii kazi vizuri, masta kabisa, na baadaye niifanye ndo kazi yangu. Maswali yangu: digrii ya elimu inanitosha kuingia? Nisome wapi bila kuacha kazi, maana nina watoto wawili? Na ajira ipo kweli? Mume wangu anasema bora nikasome uongozi wa elimu. Naombeni ushauri wa mtu aliyepita huko.

Kaole_K
Mwalimu hongera kwa kuliona hilo la kuongea sana, kuna watu wana miaka kumi kwenye hii kazi hawajaliona.

Kwanza tenganisha vitu vitatu maana watu wanavichanganya na wanaishia kusoma kisicho chao. Daktari wa magonjwa ya akili kasoma udaktari na anaandika dawa, huko hauendi. Mwanasaikolojia wa kliniki anapima na kutibu kwa mazungumzo, mara nyingi yuko hospitali, na Muhimbili, yaani MUHAS pale Upanga, wana masta yake, ila ile imekaa kihospitali, msingi wa saikolojia wanauangalia sana na fildi yake ni ya wodini na kliniki, kwa hiyo usiwaze kuichanganya na vipindi vya shule. Halafu kuna unasihi wenyewe pamoja na saikolojia ya elimu, huku ndo mwalimu anaingia kirahisi. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shule kuu ya elimu wana idara ya saikolojia ya elimu, anza kuulizia hapo. GPA wengi wanataka isipungue 2.7, na kabla hujalipa hata shilingi ya fomu hakikisha kozi yenyewe inatambuliwa na TCU, ile tume ya vyuo vikuu, sio chuo tu, kozi.

Swali la kuwauliza kabla ya ada: nitakaa na wateja, yaani watu wanaokuja kunasihiwa, kwa jumla ya saa ngapi, na nani atanisimamia? Wakianza kukuelezea tasnifu tu, tafuta pengine.

mwl_Mapinga
Naunga mkono hilo la mwisho kwa uchungu kabisa. Mi mwalimu mwenzako, nilisoma masta ya unasihi wikiendi, chuo sitakitaja, Ijumaa nikitoka kazini napanda daladala mpaka Makumbusho nalala kwa shemeji, Jumapili usiku narudi. Miaka miwili na nusu. Nadharia nilizisoma zote, za Rogers, za Beck, za nani, mitihani nikafaulu, lakini siku namaliza nilikuwa sijawahi kukaa na mteja hata mmoja huku mtu ananiangalia na kunirekebisha. Hata mmoja. Niliuliza mara tatu kuhusu mazoezi nikaambiwa nijitafutie, nikajitafutia, barua ya kunitambulisha ikachukua miezi minne. Hela ile ilikuwa ya mkopo wa benki na mpaka leo inanikata.

Kingine dada, ruhusa. Usiondoke hata kama unasoma siku moja kwa wiki bila mkurugenzi kujua, nenda halmashauri uulizie uingizwe kwenye mpango wa mafunzo, upate barua ya ruhusa mkononi. Na usitegemee mshahara upande kwa sababu ya masta, daraja halipandi lenyewe, nilidhani litapanda. Kama ulikopa HESLB, bodi ya mikopo, digrii ya kwanza na bado unakatwa ile asilimia 15 piga hesabu pamoja na ada, nauli na chakula, ndo uamue. Sikukatishi tamaa. Natamani tu ningeambiwa.

ShangaziNgamiani
Mwanangu Binti Dunda, mimi niko Tanga, nina miaka zaidi ya ishirini kwenye kazi hii, nilianza na kupima Ukimwi enzi zile vituo vya ushauri nasaha vinafunguliwa, tukifundishwa wiki chache tunaingizwa chumbani na mtu ambaye dakika kumi zijazo utampa jibu litakalobadilisha maisha yake. Hapo ndipo nilipojifunza kunyamaza. Masta nikaja kuichukua baadaye sana Nairobi, nikipandia basi Horohoro hadi Mombasa kisha nalala njiani.

Nikwambie kitu kimoja kuhusu hilo neno letu. Nasaha maana yake mawaidha, na sisi watu wa pwani tumelelewa na mawaidha, binti akivunja ungo ana somo wake, ana kungwi, na kazi ya kungwi ni kusema, anakufunda, anakuimbia, wewe unasikiliza. Ni kazi ya heshima na siidharau, mimi mwenyewe nimefundwa. Sasa unasihi umechukua jina la mawaidha lakini kazi yenyewe imegeuka, anayekuja ndiye anayesema na wewe ndiye unayekaa mkekani kusikiliza. Kwa hiyo ukimwambia mtoto vumilia, wewe ni kungwi mwema, lakini mnasihi bado. Mwalimu wangu Nairobi alikuwa anatuwekea saa mezani, mteja akinyamaza nawe unyamaze, tulikuwa tunatoka jasho. Mara nyingi kile alichokijia mtu hukisema baada ya ule ukimya, si kabla.

Kuhusu Kenya, wenzetu wana sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu 2014, ndiyo maana saa za mazoezi wanazihesabu kwa ukali. Vyuo vya Daystar na USIU vyote vina masta ya saikolojia ya unasihi. Ada yao ni nzito, sikufichi, na ukirudi cheti lazima upeleke TCU kikatambuliwe.

Na jambo jingine usingoje masta. Siri ni siri, ila mtoto akikwambia anaumizwa nyumbani au na mtu mzima yeyote, usimuahidi kwamba hutasema. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote mwenye taarifa kama hiyo aifikishe serikali za mitaa, muone afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi wapo, na namba 116 ni ya bure. Mwambie mtoto mapema, kabla hajaanza kusimulia, kwamba yapo mambo machache utalazimika kuyafikisha. Hilo peke yake litakurudishia usingizi kidogo.

Jua_la_Nunge
Shikamoo shangazi. Kuhusu ajira, mi nafanya kazi soba hausi, nyumba ya wanaoacha madawa ya kulevya, hapahapa Bagamoyo, mwenyewe nilikuwa mtumiaji nikapona, sasa nasoma Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama. Mwalimu, kazi ipo ila tangazo lake hutakuta limeandikwa "mnasihi anahitajika". Ipo kwenye soba hausi, kwenye kliniki za methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha heroini, ambazo zilianzia Muhimbili 2011 na sasa zimefika mikoani, kwenye miradi ya vijana, shule binafsi, na mara nyingi inaitwa afisa ustawi au afisa mradi. Mishahara inategemea mradi, mradi ukiisha na wewe umeisha, kwa hiyo mwenye ajira ya serikali asiiachie haraka. Njoo hata Jumamosi uone makundi yetu yanavyokaa.

Binti_Dunda
Asanteni sana, nimesoma hapa mpaka chai imepoa. Shangazi shikamoo, hilo la kungwi nimemsomea mama yangu, kanyamaza kidogo akasema ni kweli. Uongozi wa elimu nimemwambia mzee wa nyumba hapana, kakubali tukae tupige hesabu. Jumatatu naenda halmashauri kuulizia mpango wa mafunzo, na kaka wa Nunge nitakuja Jumamosi. Kaole, swali moja limebaki, mazoezi nikiyafanya huku Bagamoyo chuo kitakubali au lazima iwe Dar?

Kaole_K
Inawezekana, ilimradi kituo kiwe na mtu mwenye sifa wa kukusimamia na akubali kusaini saa zako. Jina lake lipeleke chuoni kabla hujaanza, ukipeleka baadaye wanaweza kukataa saa zote.