Tupeane uzoefu: neno gani refu la Kiingereza lilikuumbua kwa mkazo?

Naanza mimi. Nawasilisha mada, ukumbi umejaa, nafika kwenye "development". Ulimi ukafanya ulichozoea, mkazo silabi ya pili kutoka mwisho: di-ve-lo-pi-ME-nti. Mgeni mmoja akaniuliza mara mbili nazungumzia nini. Kumbe mkazo uko kwenye "vel"! Nikarudi kwenye kamusi, nikagundua kile kijistari cha juu kinatangulia silabi yenye mkazo. Miaka yote nilidhani kinaifuata. Haya, leteni yenu.

Kinyonga: Mimi ni ukoo mzima. PHO-to-graph, sawa. Lakini mpiga picha ni pho-TOG-ra-pher, na ukifika "photographic" mkazo umehama tena, pho-to-GRAPH-ic. Mimi nilishika la kwanza nikajua nimemaliza. Kwenye usaili nikasema PHO-to-gra-pher kama mara nne hivi, msaili kainamia karatasi yake anaandika tu. Kazi sikupata, ingawa sitasema ni kwa ajili hiyo. Baadaye nikajifunza kuangalia mkia wa neno. Likiishia -tion, -ic au -ity, mkazo kwa kawaida hukaa silabi inayotangulia mkia huo: e-du-CA-tion, e-co-NOM-ic, e-lec-TRIC-i-ty. Halafu unakutana na AR-a-bic unabaki mdomo wazi. Na -eer ndiyo kiburi kabisa, inajibebea mkazo yenyewe: en-gi-NEER.

Bibi Nukta: Msiamini macho. "Comfortable" nililikata vipande vinne kwa jinsi lilivyoandikwa, fo na ta zote nikazipa haki yake. Wenyewe wengi wanasema vitatu tu, KAMF-ta-bo, ile "o" ya katikati wameimeza. Sisi kila irabu tunaitamka wazi, wao isiyo na mkazo inafifia mpaka huisikii. Hapo ndipo tunapochoka kuwasikiliza.

Mzee Koma: Mnalalamikia marefu. Jaribuni "strengths". Herufi tisa, silabi moja. Mimi nilikuwa natoka na si-tre-ngi-thi-si, mwanangu akaangua kicheko.

Kinyonga: Mzee, hata sisi tunatesa wageni. Mweleze mtu tofauti ya baraBAra ya magari na kazi iliyofanywa baRAbara.

Mleta mada: Nimejaribu hiyo "strengths" mbele ya kioo tangu asubuhi. Nimeshuka mpaka silabi mbili.